Jahazi lililopwelewa: mwongozo kamili wa kuchora mchoro sahihi kabla ya kushika rangi

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa wiki tatu nikipaka rangi picha ya jahazi. Anga ilinipendeza, maji yalinipendeza, na mbao za ubavuni nilizipaka mmoja mmoja mpaka viungo vyake vikaonekana. Nilipoipeleka Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mzee mmoja fundi wa vyombo aliitazama kimya, akaweka kidole kwenye mlingoti, akaniambia: "Mwanangu, chombo hiki hakina pa kutweka tanga."

Alisema kweli. Mlingoti nilikuwa nimeusimamisha wima kama nguzo ya umeme, na mlingoti wa jahazi huinamia mbele, kuelekea omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo. Nikadhani nitausahihisha kwa rangi. Lakini mlingoti ukiinama, foromali, ule mti unaofungiwa tanga, nayo inahama. Foromali ikihama, lile pengo la anga nililolihangaikia siku nne linakatika mahali pengine. Na kivuli chake mchangani hakina tena mwenyewe. Kanvasi yote niliikwangua.

Tangu siku hiyo sifungui rangi mpaka mchoro wa mistari umesimama wenyewe. Ninayoyaeleza hapa ndiyo kazi yangu ilivyo, kuanzia mchangani mpaka kwenye kanvasi ya sentimita 60 kwa 80. Nimechagua jahazi makusudi. Ubavu wake hauna mstari ulionyooka hata mmoja, kwa hiyo huwezi kujificha nyuma ya rula. Atakayeliweza jahazi hatashindwa na mlango wa Mji Mkongwe wala na uso wa mtu, maana kazi ni ile ile: kupima kitu kimoja kwa kingine.

Si kila picha inadai mchoro wa namna hii. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kazi yake Dar es Salaam mwaka 1968 akitumia rangi za kung'aa juu ya hadibodi, alituachia mtindo ambao nguvu yake haimo katika vipimo, na anayeufuata hana haja ya kusumbuka na timazi. Huyu ninayesema naye hapa ni yule anayetaka baharia akiitazama picha amjue mwenye chombo.

Vifaa

Vingi unavyo nyumbani. Karatasi ya A3 iliyo nzito kidogo, ubao wa kuiegemeza na vibanio viwili. Penseli ya HB na ya 2B, vijiti vichache vya mkaa laini wa kuchorea, na kifutio kile kinachokandika kama unga wa chapati, ambacho huinua mkaa bila kuchubua karatasi.

Vifaa vya kupimia ndivyo wengi wanavyovidharau. Kwanza, kijiti kilichonyooka sawasawa. Mimi natumia spoku ya baiskeli, kwa sababu ni nyembamba, haipindi, na upepo wa pwani hauiyumbishi. Pili, timazi: uzi mweusi wenye nati nzito mwishoni. Tatu, fremu ya kutazamia. Chukua kadibodi ngumu, ikate tundu la sentimita 9 kwa 12, kisha pitisha nyuzi mbili, moja ya wima na moja ya mlalo, zikutane katikati. Kwa nini 9 kwa 12? Kwa sababu kanvasi yako ni 60 kwa 80, na vyote viwili ni uwiano wa tatu kwa nne. Fremu isiyo na uwiano wa kanvasi itakuonyesha picha ambayo huwezi kuipaka.

Usione haya kutumia fremu. Vincent van Gogh alijitengenezea yake mjini The Hague mwaka 1882, kubwa, yenye miguu ya kuchomeka mchangani. Juni 1888, huko Saintes-Maries kusini mwa Ufaransa, alizichora mashua za wavuvi alfajiri kabla hazijaenda baharini, safari hiyo bila fremu, kisha picha ya rangi akaifanya baadaye akifuata mchoro ule. Miaka sita ya kupima ilikuwa imekwisha ingia mkononi.

Mwisho, kwenye ile A3, chora mstatili wa sentimita 27 kwa 36. Huo nao ni tatu kwa nne. Ndani ya mstatili huo ndimo utakamochora, na sababu ya vipimo hivyo utaiona tukifika kwenye kanvasi.

Siku na saa

Chombo kilichotia nanga kinageuka na upepo, hakipimiki. Kinachopimika ni kile kilichopwelewa, yaani kilichoachwa mchangani na maji, na kutiwa gadi ubavuni, miti ya kukiegemeza. Basi anza na mwezi. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji hutoka mbali na chombo hukaa pakavu kwa muda mrefu. Pwani ya Unguja siku hizo maji hukupwa sana kuelekea saa nne na saa tano asubuhi, kwa hiyo ukifika saa mbili una saa nne hadi tano za kazi kabla maji hayajakufukuza. Siku za maji mafu, yasiyotoka mbali, chombo huenda kisikauke kabisa.

Muulize mwenye chombo. Si adabu tu, ingawa adabu inatosha kuwa sababu. Atakwambia kama leo wanakipaka mafuta, kama gadi zitahamishwa, kama tanga litaanikwa. Mara moja nilishamaliza nusu ya mchoro wakaja vijana wanane wakakisukuma.

Kukaa na kulenga

Usilisogelee jahazi. Kaa mbali kiasi cha mara mbili au tatu ya urefu wake. Ukilikaribia mno, sehemu ya karibu inavimba na ya mbali inanywea, na kila unapotikisa kichwa vipimo vyote vinabadilika. Tafuta upande unaokuonyesha ubavu na sehemu ya nyuma kwa pamoja. Chombo kikitazamwa ubavu mtupu huonekana kama kimekatwa kwa makasi.

Amua sasa: unachora umekaa au umesimama? Usibadilishe tena. Mstari wa upeo wa bahari uko sawa na macho yako. Ukisimama unapanda, ukikaa unashuka, na ukibadilisha katikati ya kazi utakuwa na jahazi moja lililotazamwa na watu wawili. Jambo hili lina faida yake pia. Ukiwa umesimama kwenye mchanga wa tambarare, kila mtu wa kimo chako, awe karibu au mbali kule majini, macho yake yatakuwa sawa na mstari wa upeo. Ukitaka kuweka wachukuzi wawili na mvuvi mmoja pichani, tayari unajua vichwa vyao vinafika wapi.

Inua fremu, funga jicho moja, iegemeze na kuisogeza mpaka jahazi likae vizuri ndani. Tazama nyuzi mbili zinapokatana: ni wapi pa chombo? Chini ya mlingoti? Kwenye usukani? Pawekee alama katikati ya mstatili wako. Hiyo ndiyo nanga ya mchoro wote.

Kipimo kimoja, na vingine vyote vikifuate

Hapa ndipo pa kutulia. Usikimbilie umbo.

Chagua kipande kimoja cha chombo kiwe kipimo chako. Kisiwe kirefu mno, kisiwe kifupi mno, na miisho yake ionekane wazi. Mimi hutumia kimo cha omo, kutoka mchangani mpaka ukingoni. Nyoosha mkono, kaza kiwiko, funga jicho lile lile ulilofunga mwanzo. Ncha ya spoku iguse ukingo, ukucha wa kidole gumba ushuke mpaka mchangani. Huo ni "omo" mmoja. Bila kukunja kiwiko, zungusha spoku ilale, uhesabu: toka usukani mpaka ncha ya mbele ni omo ngapi? Toka mchangani mpaka kilele cha mlingoti je?

Kiwiko kikilegea hata kidogo, kipimo kimekufa. Ndiyo maana napima kila kitu mara mbili, na majibu yakitofautiana napima mara ya tatu.

Tuseme umepata upana wa omo tano na kimo cha omo nne. Sasa ni hesabu ya darasa la nne. Mstatili wako una kimo cha sentimita 27. Ukilipa jahazi sentimita 22, unabaki na 5 za kugawa juu na chini. Ishirini na mbili gawanya kwa nne: omo mmoja ni sentimita 5.5. Zidisha kwa tano: upana ni 27.5. Kwenye 36 zimebaki 8.5 za bahari na mchanga pande mbili. Kama unaona jahazi limebanwa, punguza omo uwe sentimita 5 na upige hesabu upya sasa hivi, wakati bado haina gharama.

Kata kipande chembamba cha karatasi chenye urefu wa omo mmoja, ukikunje nusu na robo. Hiki ndicho utakachopimia karatasini badala ya rula. Weka alama nne tu: kilele cha mlingoti, chini kabisa mchangani, mwisho wa kushoto, mwisho wa kulia. Chora kisanduku chepesi kinachozigusa zote nne. Jahazi lote limo humo hata kama bado hulioni.

Kiunzi

Fundi hujenga mkuku kwanza, ule uti wa mgongo wa chombo, kisha mataruma, yaani mbavu zake, kisha mbao. Mchoro nao uende hivyo hivyo. Tafuta unapopita mkuku kutoka mbele mpaka nyuma, na uuchore kwa mstari mmoja mwepesi. Kisha ubao wa mbele unaokata maji, kisha fashini kule nyuma unapofungwa usukani. Mistari mitatu.

Miinamo yote hii ichukue kwa spoku. Ilaze hewani ifuatane na mwinamo unaouona, kaza kifundo cha mkono, kisha ishushe taratibu mpaka karatasini bila kuizungusha. Ukipenda, ufikirie kama mshale wa dakika kwenye saa ya ukutani. Mlingoti ulio wima ni mshale kwenye kumi na mbili; ukielekea dakika ya pili, umeinama nyuzi 12. Nilipoanza kuusoma mlingoti kama saa, sikuukosea tena. Foromali ikiwa juu, ichukue vivyo hivyo, kisha hesabu ni omo ngapi na inakatana na mlingoti sehemu gani. Mara nyingi utashangaa urefu wake. Mkono wa mchoraji huifupisha kwa kuogopa kutoka nje ya karatasi.

Ukingo wa chombo

Huu mstari unaotoka omo, ukashuka katikati ya chombo na kupanda tena kuelekea tezi, yaani sehemu ya nyuma, ndio uhai wa jahazi. Ukiukosa, utapata beseni. Na unakosewa na karibu kila anayeanza, kwa sababu jicho linajua kwamba ukingo ni mviringo, nalo linauviringisha sawasawa kama mwezi mchanga, kiini cha mbonyeo kikae katikati. Ukitazama kwa kupima utaona sivyo. Kwa aliyekaa upande wa nyuma, sehemu ya chini kabisa huonekana imevutwa upande mmoja, na kipande cha kuelekea omo karibu kimenyooka.

Fanya hivi. Chora mstari ulionyooka kutoka ncha ya omo mpaka ncha ya tezi, kama uzi ulioukaza. Rudi kwenye spoku, iweke hewani ikigusa ncha hizo mbili, uone ukingo umeshuka kiasi gani chini yake. Pima mahali patatu: robo ya njia, nusu, robo tatu. Kila mahali weka nukta. Unganisha nukta kwa mistari iliyonyooka, mifupi, yenye pembe. Itakuwa mbaya, iache hivyo. Ukishapima upya na kuridhika, ndipo mkono upite mara moja kuanzia begani, usawazishe pembe zile ziwe mkunjo mmoja.

Ukingo wa upande wa pili, ule unaoonekana kwa ndani, ufanyie hivyo hivyo. Usiunakili wa kwanza. Hizo ni kingo za chombo kimoja lakini jicho linazipokea kwa maumbo tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayolipa jahazi tumbo. Kwa mbao za ubavuni, chora viungo vitatu tu: wa juu, wa katikati, wa chini. Vingine vitajipanga kati yao wakati wa rangi.

Mapengo na timazi

Sasa acha kulitazama jahazi, utazame mahali ambapo halipo. Pembetatu ya anga kati ya mlingoti, foromali na ukingo. Kipande cha bahari kati ya gadi mbili. Ule mwanya mweusi chini ya tumbo la chombo. Mapengo haya hayana majina, kwa hiyo akili haina cha kukudanganyia. Unaliona umbo kama lilivyo. Lichore kila pengo kama kisiwa. Pengo lisipolingana na lile la kweli, kuna mstari umehama, na pengo litakuonyesha ni upi.

Kisha ninginiza timazi mbele ya jicho. Ipitishe kwenye kilele cha mlingoti, ushuke nayo: inagusa nini chini? Ipitishe kwenye ncha ya omo, kwenye jicho la usukani, kwenye kila gadi. Nilipokuwa sijaizoea niliiona ni kazi ya ziada. Leo ndicho kifaa cha mwisho ninachoweza kukiacha nyumbani, kwa sababu inaunganisha vitu vilivyo mbali ambavyo kijiti hakivifikii pamoja.

Vivuli

Jua husogea nyuzi 15 kila saa, na halikungojei umalize kamba. Saa mbili na nusu, hata kama kiunzi hakijakamilika, zungushia vivuli mstari: kivuli cha chombo mchangani, kivuli cha ukingo kwa ndani, kivuli cha mlingoti. Andika saa pembeni. Kuanzia hapo usiviguse tena, hata saa tano vitakapokuwa vimekimbilia chini ya chombo. Picha yenye vivuli vya saa mbili mbele na vya saa tano nyuma haiwezi kuokolewa na rangi yoyote.

Kamba usizichore. Weka alama pale zinapoanza na zinapoishia, inatosha.

Kujikagua

Kabla maji hayajarudi, geuza karatasi juu chini, uende nayo hatua kumi. Jahazi lililopinduka linakuwa maumbo tu, na kosa linajitokeza lenyewe. Nyumbani litazame kwenye kioo.

Piga picha za simu pia, lakini zijue. Lenzi ya kawaida ya simu huona upana mkubwa, na ukiwa karibu inafanya kile kile nilichokisema: sehemu ya karibu inavimba, ya mbali inakimbia. Rudi nyuma, vuta kwa mara mbili, ndipo upige. Na picha ikitofautiana na mchoro ulioupima kwa mkono ulionyooka, pima tena kabla ya kuamini simu. Mimi picha za simu nazihitaji kwa rangi na mafundo ya kamba. Vipimo vinatoka mchangani.

Kwenye kanvasi

Sasa faida ya mstatili wa 27 kwa 36. Ugawe kwa miraba ya sentimita 4.5, utapata safu 6 na nguzo 8, miraba 48. Kanvasi ya 60 kwa 80 igawe kwa miraba ya sentimita 10: nayo ni 6 kwa 8. Kila mraba wa karatasi una ndugu yake kwenye kanvasi. Ziandike namba juu na herufi ubavuni, usije ukapotea kwenye anga tupu.

Kwanza kanvasi iwe imepakwa rangi nyepesi ya udongo na kukauka, maana juu ya weupe mtupu kila mstari unaonekana mzito kuliko ulivyo. Mistari ya miraba ipige kwa uzi uliopakwa chaki, kama mafundi wa ujenzi: mmoja ashike huku, mwingine kule, uvutwe na kuachiwa. Chaki itafutika kwa kitambaa kikavu. Penseli usiitumie kwenye rangi za mafuta. Rangi hizo huzidi kupitisha mwanga kadiri zinavyozeeka, na mistari ya penseli inaweza kuja kujitokeza katikati ya anga yako.

Hamisha kwa mkaa. Usiuchore mraba mmoja mpaka uishe. Anza na mistari mirefu inayokata miraba mingi: mkuku, ukingo, mlingoti, foromali. Uliza kila mara, mstari huu unaingia mraba wa C4 kwa kupitia upande gani, robo ya upande au nusu? Weka nukta hapo, uende mraba unaofuata, kisha unganisha kwa mkono mmoja. Ukienda mraba kwa mraba, ukingo utakuwa na viungo kama mua.

Mkaa ukikamilika, pima kwa omo. Omo wa sentimita 5.5 karatasini ni sentimita 12 na milimita 2 kwenye kanvasi. Kata kipande kipya cha urefu huo, uhesabu tena: tano kwa upana, nne kwa kimo. Zikitimia, pangusa mkaa kwa kitambaa mpaka ubaki mzimu wake tu, kisha upitie mistari kwa brashi nyembamba na rangi ya kahawia iliyozimuliwa kwa tapentaini iwe kama chai ya rangi. Acha dirisha wazi unapofanya hivyo. Pasipo na uhakika, usipitie. Rudi kwenye karatasi.

Subiri ikauke, ambapo kwangu ni siku moja au mbili. Kile kipande cha omo nakichomeka kwenye ukingo wa kanvasi, na mchoro wa A3 naubandika ukutani usawa wa macho. Anga nitakapoipaka itakula mstari wa mlingoti. Nitachukua kipande, nitahesabu omo toka mchangani, nitauweka mshale wa dakika kwenye ya pili, na mlingoti utarudi pale pale ulipokuwa.